Rita Hayworth na Prince asiye na nchi: tuiweke sawa hii stori

Mwezi wa pili 2025 alipofariki Aga Khan wa nne kule Lisbon na mwanae Rahim akatangazwa kuwa wa tano, huku kwetu maswali yalikuwa mengi kuliko rambirambi. Mfalme wa nchi gani huyu? Mbona anaitwa Prince na hana hata kata moja anayoitawala? Ni shehe au ni mfanyabiashara? Na kama kawaida familia hii ikitajwa, lazima atokee mtu arushe ile picha ya zamani ya harusi ya Ufaransa, bibi harusi kavaa likofia lipana, chini yake kaandika "mke wa Aga Khan alikuwa staa wa Hollywood, mnajua?" basi ndo inakuwa fujo, huyu anasema ndo mama yake marehemu, yule anasema ni bibi yake, mwingine anakuja na yake kwamba alikuwa malkia akavuliwa taji kwasababu ya pombe.

Hamna la kweli hapo. Yule ni Rita Hayworth, hakuolewa na Aga Khan yeyote, aliolewa na Aly Khan, mtoto wa Aga Khan wa tatu, na ndoa yenyewe kuanzia harusi mpaka talaka haikufika miaka minne. Lakini ili uielewe inabidi kwanza ujue hii familia ni ya namna gani, maana ukiruka hapo kila kinachofuata utakiona kama muvi ya Kihindi.

Aga Khan ni cheo, sio jina la ukoo. Kilianzia Uajemi, ambayo leo ni Iran, mwanzoni mwa karne ya 19, pale Shah, yaani mfalme, Fath Ali alipompa cheo hicho Hasan Ali Shah na juu yake akamwozesha binti yake. Huyo Hasan Ali Shah tayari alikuwa Imamu wa Waismailia, tawi moja la Mashia linaloamini kwamba uongozi wa dini unapita kwenye uzao wa Bibi Fatma binti wa Mtume na Seyyidna Ali, Imamu mmoja baada ya mwingine bila kukatika, na kila Imamu anamteua anayemfuata. Rahim wa sasa anahesabiwa kuwa wa 50. Baadae Hasan Ali Shah akagombana na watawala wa Uajemi, akakimbia kupitia Afghanistan hadi India, akaishia Bombay chini ya Waingereza. Na huko Gujarati na Kutch, magharibi mwa India, ndo walikotoka Waismailia wengi waliokuja Zanzibar na mwambao wetu kufanya biashara, na Aga Khan wa tatu mwenyewe alifika Zanzibar kuwatembelea waumini wake mwaka 1899.

Kwahiyo unaona, kuna watu wanaomfuata, wametawanyika nchi kibao, wanatoa sehemu ya mapato yao kwa Imamu, ila hakuna ardhi. Hana jeshi, hana bendera ya taifa, hatozi kodi kwa nguvu. Hilo la "Prince" linatokana na ile damu ya Shah wa Uajemi, na Waingereza wakalikubali kama heshima, mpaka "His Highness" ya Aga Khan wa nne alipewa na Malkia Elizabeth mwaka 1957. Kwa mtu wa Lamu au Mombasa hili wala sio gumu, fikiria masharifu: mtu anapewa mkono wa heshima, anatangulizwa, watu wanaomba dua kwake kwasababu ya nasaba yake, na hakuna anayeuliza sharifu anatawala wilaya gani. Familia ya Aga Khan ni mfano wa hapo ila ongeza farasi wa mbio, majumba Ulaya na marafiki wafalme.

Na huku kwetu hawakuwa wageni hata kidogo. Agosti 1946 Aga Khan wa tatu alipimwa kwa almasi Dar es Salaam, kakaa kwenye mizani kama gunia huku vijiboksi vya almasi vikipangwa upande wa pili, alikuwa anasherehekea miaka 60 ya uimamu. Watu mpaka leo wanahadithia kwamba aliondoka na zile almasi. Hapana, zile zilikuwa kipimo tu, hela iliyochangwa na waumini kwa hesabu ya ule uzito ilirudi kuwa mtaji wa jamii yao wenyewe, kikaanzishwa chombo cha kukopesha na kuwekeza ambacho kizazi chake ndo Diamond Trust Bank unayoiona mjini.

Sasa huyo mzee wa kwenye mizani ndo baba mkwe wa Rita.

Rita yeye alizaliwa Brooklyn, New York, 17 Oktoba 1918, jina lake halisi Margarita Carmen Cansino. Baba yake Eduardo alikuwa dansa kutoka Hispania, mama yake Volga Hayworth Mmarekani wa jukwaani pia. Utoto hakuuona vizuri, akiwa bado binti mdogo baba yake alimfanya mwenzi wake wa kudansi kwenye vilabu, mpaka kule Tijuana upande wa Mexico ambako sheria zilikuwa legelege, na watu wakidhani ni mke na mume. Alipoingia Hollywood studio ya Columbia chini ya bosi Harry Cohn ikamtengeneza upya, jina la Cansino likaondolewa kwasababu lilikuwa la Kihispania mno likawekwa la upande wa mama, nywele zikapakwa rangi nyekundu, na hata mstari wa nywele juu ya paji la uso ukasogezwa nyuma kwa kung'oa vinyweleo kimoja kimoja kwa umeme. Maumivu ya huo mchakato mtu asikwambie. Kufika vita kuu ya pili picha yake akiwa amepiga magoti kitandani, iliyotoka kwenye gazeti la Life mwaka 1941, ilikuwa imebandikwa kwenye makabati ya wanajeshi wa Kimarekani kila walikopelekwa.

Halafu ikaja Gilda mwaka 1946, na hapo ndo akawa Rita ambaye dunia nzima inamjua, yule mwanamke anayevua glovu moja tu na ukumbi mzima unapagawa. Sauti ya kuimba mle kwa sehemu kubwa sio yake ni ya Anita Ellis, ila kudansi ni yeye mwenyewe. Mwaka huohuo Wamarekani walipolipua bomu la atomu kwa majaribio kule Bikini, visiwa vya Pasifiki, wakaliandika jina la Gilda na kulibandika picha yake, wakidhani wanampa sifa, na Orson Welles, mwigizaji na mwongozaji wa filamu aliyekuwa mumewe wakati huo, alisema baadae kwamba hajawahi kumuona kakasirika vile. Likumbuke hili bomu tutalirudia kidogo.

Kiangazi cha 1948, ndoa ya Welles imeshamshinda, Rita akaenda kupumzika kusini mwa Ufaransa, na kwenye pati ya Elsa Maxwell, mama mmoja maarufu kwa kukutanisha matajiri, akakutana na Aly. Huyu Aly alizaliwa Turin, Italia, 1911, na mama yake alikuwa nani? Dansa. Cleope Teresa Magliano, mcheza bale Muitaliano. Na mke wa nne wa baba yake, Yvette Labrousse, alikuwa Miss France wa 1930. Kwahiyo ule uongo kwamba familia ilipata aibu kuletewa mkwe kutoka jukwaani mi sijawahi kuuelewa, mzee mwenyewe alishaoa jukwaani kabla. Kilichomkera ni skendo, kwamba Aly bado alikuwa na mke, Joan Yarde-Buller, mama wa watoto wake wawili Karim na Amyn, na Rita nae talaka yake ya Welles ilikuwa haijakamilika, na huku wanaonekana pamoja kila mahali mapaparazi wakiwa nyuma. Magazeti na makanisa ya Marekani yakawaka. Columbia nayo ikamsimamishia mshahara kwasababu haonekani kazini.

Talaka zilipokamilika wakafunga ndoa 27 Mei 1949. Aly alitaka ifungwe nyumbani kwake Château de l'Horizon, mlango umefungwa, lakini sheria ya Ufaransa haijali prince, ndoa inayotambulika ni ya ofisi ya mji na milango inabaki wazi kwa yeyote. Kwahiyo wakaenda pale Vallauris, mji mdogo wa wafinyanzi, na aliyewafungisha ni meya wa chama cha Kikomunisti! Ndo baada ya hapo wakarudi kula, bwawa la kuogelea limemwagiwa manukato mpaka linanukia, Yves Montand anaimba. Kesho yake ikafungwa ya Kiislamu. Kanisa Katoliki halikuitambua ndoa hiyo, na Rita hakusilimu, alibaki Mkatoliki.

Tuje kwenye cheo sasa maana hapa ndo wengi wanapotelea. Magazeti yalimwita Princess na kweli aliitwa hivyo, lakini hakuna kiti alichokalia. Linganisha na Grace Kelly ambaye wengi wanamchanganya nae, yeye aliolewa 1956 na Rainier wa Monaco, nchi ndogo kweli lakini ni nchi, ina mipaka na mikataba na Ufaransa na mtoto wake wa kiume leo ndo anaitawala. Ndoa ya Grace ilikuwa jambo la serikali. Ya Rita ilikuwa jambo la familia na la dini, kwa maana kwamba wakati ule kila mtu aliamini Aly ndo atakuwa Imamu baba yake akifa, hivyo Rita alionekana ni Begum mtarajiwa, mke wa kiongozi wa kiroho wa mamilioni. Na wala hakuwa wa kwanza Hollywood kuolewa na mtu anayeitwa prince, miaka ya 1920 Mae Murray na Pola Negri waliolewa na ndugu wawili wa familia ya Mdivani kutoka Georgia, na hao vyeo vyao vilikuwa vya kujipachika. Aly hakuwa wa kujipachika, ila hakuwa wa ikulu pia.

Kazi ya mke wa mtu wa namna hiyo ni ipi? Hapa ndo Afrika Mashariki inaingia. Mwishoni mwa 1950 kuingia 1951 Aly alifanya ziara ya Afrika na mkewe, Nairobi ikiwemo, kuonana na jamii za Waismailia. Kwa Aly ile ilikuwa kazi, kupokelewa, kusikiliza wazee wa jamati (jumuiya ya waumini), kula kwa huyu na yule, na ukiacha mambo yake ya starehe watu waliomjua wanasema alikuwa na kipaji cha watu. Kwa Rita, ambae nje ya kamera alikuwa mtu wa aibu sana anayependa kukaa nyumbani, kila siku kusimama mbele ya umati unaokuangalia kwa heshima ya dini ambayo sio yako, halafu jioni mume yupo kwenye karata au kwenye mambo yake, ilikuwa mateso. Akakatisha, akarudi Ulaya kabla ya mumewe, na miezi michache baadae akachukua mabinti zake wawili, Rebecca wa Welles na Yasmin wa Aly, akapanda meli kwenda Marekani.

Wanaosema "alifukuzwa" kwahiyo wanakosea, aliondoka mwenyewe. Na wanaosema aliondoka na utajiri wanakosea zaidi, kwasababu ilibidi arudi haraka kwa Harry Cohn yuleyule kuomba kazi.

Vita halisi ikawa juu ya Yasmin. Mtoto alizaliwa Lausanne 28 Desemba 1949, miezi saba baada ya harusi, na hesabu hiyo magazeti hayakuiacha. Kwenye mazungumzo ya talaka upande wa Aly uliweka mezani dola milioni moja kwa masharti kwamba mtoto akifika miaka saba alelewe Kiislamu na kila mwaka aende Ulaya kwa baba yake kwa miezi kama miwili mitatu. Milioni moja ya 1953 sio ya leo. Rita akakataa, akasema hadharani kwamba anauheshimu Uislamu na dini zote ila anataka binti yake akulie Marekani katika Ukristo kama msichana wa kawaida. Wengine husoma hii kama dharau kwa dini ya mume, na wengine kama ushujaa wa mama. Mimi naona lipo jambo la katikati ambalo halisemwi: uimamu haupiti kwa binti. Yasmin asingeweza kurithi chochote cha uongozi, kwahiyo ugomvi haukuwa wa kiti bali wa malezi, kama ugomvi wa wazazi wengine tu waliotengana, tofauti ni idadi ya sifuri kwenye karatasi. Talaka ikatoka Januari 1953. Miaka ya baadae Yasmin alikwenda kwa baba yake Ulaya na anajulikana kwa ukoo wake mpaka leo, Princess Yasmin Aga Khan, kwahiyo hakuna aliyemfuta kwenye familia kama inavyodaiwa.

Sasa lile la mrithi, ambalo ndo uongo mkubwa kuliko wote. Aga Khan wa tatu alifariki Julai 1957 karibu na Geneva, wosia ukafunguliwa, na jina halikuwa la Aly wala la mdogo wake Sadruddin. Lilikuwa la Karim, mtoto wa Aly, miaka 20, mwanafunzi wa Harvard, aliyewahi kuishi Nairobi akiwa mdogo wakati wa vita. Kwa zaidi ya miaka 1300 baba alikuwa hajarukwa hivyo. Mara moja ikasemwa, na inasemwa mpaka kesho, kwamba Aly alinyimwa kwasababu ya Rita. Lakini wosia umeandika sababu yake, kwamba dunia imebadilika sana miaka ya karibuni, ikiwemo ugunduzi wa sayansi ya atomu, na waumini wanahitaji kijana aliyekulia kwenye zama hizi mpya. Ndiyo, atomu, ileile iliyobandikwa picha ya mkwe wake kule Bikini, wakati mwingine historia inakuwa na utani wake. Kama moyoni mzee alikuwa pia amechoka na maisha ya mwanae ya magari na farasi na wanawake, hilo ni la kwake na Mungu wake, na hata hivyo kufikia 1957 Rita alikuwa ameshaachika miaka minne na ana ndoa nyingine iliyoshakufa. Kumbebesha yeye ni uonevu. Oktoba 1957 Karim akasimikwa, na sherehe ya kwanza ya Afrika ilikuwa Dar es Salaam, zikafuata Nairobi na Kampala, na aliyekuwa kando yake akimuunga mkono ni Aly huyohuyo. Baadae Aly akawa balozi wa Pakistan Umoja wa Mataifa, kazi ambayo wengi walishangaa ameiweza vizuri, mpaka alipokufa kwa ajali ya gari nje kidogo ya Paris, Mei 1960.

Kwa hesabu ya ukoo basi: Rita alikuwa mama wa kambo wa Karim kwa hiyo miaka michache, Yasmin ni dada wa Karim kwa baba, na ni shangazi yake Rahim. Bibi yake Rahim upande wa baba ni Joan, Muingereza. Ukilishika hili umemaliza nusu ya ubishi.

Baada ya Aly, Rita akaolewa mara mbili tena, na mwimbaji Dick Haymes, ndoa ambayo ilimletea kesi na madeni, halafu na produsa James Hill, zote zikavunjika. Jumla tano, ukihesabu na moja ya kabla ya Welles. Na inabaki hii ya pombe, ambayo ndo inaniuma zaidi. Alikunywa, hilo halifichwi. Lakini kuanzia miaka ya 1960 alianza kusahau maneno ya script, anapaniki, anabadilika tabia ghafla, na kila mtu akaona jibu rahisi ni chupa. Muvi yake ya mwisho ilitoka 1972. Januari 1976 aliteremshwa kwenye ndege Heathrow, London, nywele timtim, haelewi yuko wapi, na picha zile zikatoka magazetini dunia nzima na maelezo kwamba staa kalewa. Mwaka 1980 madaktari wakaja kusema ni Alzheimer, ugonjwa unaoua ubongo polepole, mtu anapoteza kumbukumbu, anapotea njia anayoijua, anaweza akawa mkali au akaogopa watoto wake mwenyewe. Hauhusiani na uhuni, na sio uzee wa kawaida. Huku kwetu bibi akianza hivyo mtaa unasema anawanga, kule walisema kalewa, na kote mgonjwa anabaki na jina baya wakati ubongo ndo unaumwa.

Wakati ule hata Marekani watu wa kawaida wengi walikuwa hawajawahi kulisikia hilo jina Alzheimer. Familia ilipoweka wazi ugonjwa wake mwaka 1981 akawa mmoja wa watu maarufu wa kwanza kabisa kujulikana wanao, na mahakama ya Los Angeles ikamweka chini ya uangalizi wa Yasmin, ambae alimhamishia New York kwenye fleti jirani na yake akamuuguza mpaka alipofariki 14 Mei 1987, akiwa na miaka 68. Yasmin ndo akaja kuongoza chama cha kimataifa cha Alzheimer, na gala yenye jina la mama yake iliyoanza New York mwaka 1985 imeshachangisha mamilioni ya dola kwa ajili ya utafiti na kwa familia zinazouguza.